Kuifundisha Kompyuta Kusikia Lugha Zetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha chuo kikuu na kufanya utafiti wa utambuzi wa usemi kwa Kiswahili na lugha jirani zake. Maswali yaliyo hapa huletwa na wanafunzi wanaotafuta mada ya shahada, watangazaji wa redio, wauguzi, na wazee tunaokwenda kuwarekodi vijijini. Soma lile linalokuhusu. Pale ambapo jibu linategemea jingine, nimetaja namba yake.

## Mwanzo kabisa

1. Utambuzi wa usemi ni kitu gani?

Ni kazi ya kompyuta kupokea sauti ya mtu anayezungumza na kutoa maandishi ya alichosema. Haihusiani na kumtambua msemaji ni nani, wala kutafsiri, wala kuelewa maana, ingawa hayo yote mara nyingi hujengwa juu yake. Ukiamuru simu kwa mdomo, au ukiona maandishi yakitokea chini ya video, hapo ndipo kazi hii inapofanyika.

2. Kwa nini lugha nyingi kwa pamoja? Si bora kukamilisha Kiswahili kwanza?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi. Lugha zenye data chache hufaidika na lugha nyingine. Mwaka 2021 ilitoka modeli (yaani programu inayojifunza kutokana na mifano) iitwayo XLS-R, iliyosikilizishwa takriban saa 436,000 za sauti katika lugha 128, bila maandishi, hadi ikajenga picha ya jumla ya jinsi binadamu anavyotamka. Ukiichukua na kuifunza lugha yako kwa saa chache zenye maandishi, haianzi sifuri, kwa sababu imeshazisikia irabu, pumzi na vituo.

Sababu ya pili naiona nzito zaidi: wasemaji wetu wenyewe wana lugha nyingi. Mama wa Bukoba huzungumza Kihaya nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza kidogo benki, na pengine vyote vitatu katika simu moja. Mfumo unaojua lugha moja tu utamsikia theluthi ya mama huyo.

3. Nimesoma isimu (au fasihi, au ualimu). Sijui kuandika programu. Nina nafasi?

Unayo, na nasema hivi bila kukubembeleza. Anayejua programu lakini hajui ngeli hawezi kueleza kwa nini modeli inaandika "kiti changu" vizuri na kuvuruga "viti vyangu". Utalazimika kujifunza kiasi cha Python, lugha ya kuandikia programu, na amri za mfumo wa kompyuta wa Linux, na miezi michache ya jioni hutosha kwa kuanzia. Jifunze pia Praat, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Amsterdam inayoonyesha sauti kwa picha, na ELAN ya Nijmegen, Uholanzi, kwa ajili ya unukuzi, yaani kuandika kilichosemwa kwenye rekodi. Ukitoka upande wa kompyuta, deni lako ni kubwa zaidi: fonetiki, lahaja, na adabu ya kukaa na watu.

4. Siku ya kazi huendaje?

Watu hudhani tunashinda mbele ya skrini tukitazama namba za makosa zikishuka. Zipo siku hizo. Lakini sehemu kubwa ya wiki huenda kwenye kusikiliza: navaa spika za masikioni, nachukua sentensi mia moja ambazo modeli imekosea, na kuandika pembeni kosa limetoka wapi. Ni kelele ya bajaji? Ni jina la mahali? Ni mnukuzi wetu aliyeandika visivyo? Zoezi hilo la saa tatu hunifundisha mambo ambayo jedwali la matokeo haliwezi kunifundisha. Muda unaobaki ni vipindi vya darasani, kusimamia tasnifu, kuandika maandiko ya kuomba ufadhili, na barua za vibali (swali la 15).

## Sauti na maandishi yake

5. Sauti mnazipata wapi?

Chanzo kilicho wazi kwa kila mtu ni Common Voice ya Mozilla, mradi ulioanza 2017. Watu husoma sentensi zilizoandaliwa na wengine huzipigia kura kama zimesomwa sawasawa. Kiswahili kimo, na Kinyarwanda kimefika zaidi ya saa 2,000, kwa juhudi za vijana wa Digital Umuganda wa Kigali. Rwanda ilionyesha kwamba lugha ya nchi ndogo inaweza kuzipita lugha za Ulaya zenye wasemaji wengi zaidi.

Kuna hazina ya sauti ya FLEURS ya 2022, yenye lugha 102 zikiwemo Kiswahili, Kikamba, Kijaluo na Kiganda, ambayo hufaa kupimia. Kuna Kencorpus, iliyokusanya Kiswahili, Kijaluo na lahaja za Kiluhya nchini Kenya. Chuo Kikuu cha Makerere kimetoa sauti za redio za Kiganda. Na wapo waliotutangulia: mwaka 2012 Hadrien Gelas, Laurent Besacier na François Pellegrino walichapisha makala kuhusu kujenga rasilimali za utambuzi wa usemi wa Kiswahili, wakitumia taarifa za habari za redio.

Tatizo la vyanzo vingi ni aina ya usemi. Modeli ya MMS iliyotoka 2023 inashughulikia lugha zaidi ya 1,100, na msingi wake mkubwa ni usomaji wa Agano Jipya. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini msomaji wa Maandiko husoma taratibu, peke yake, chumba kikiwa kimya, na usomaji huo hauifundishi mashine jinsi mama ntilie anavyomwita mteja. Kwa hiyo bado tunatoka na vinasa sauti kwenda kurekodi mazungumzo.

6. Saa ngapi zinatosha?

Hutegemea unataka kutambua nini. Mwaka 2020 watafiti wa modeli ya wav2vec 2.0 walionyesha kwamba baada ya modeli kusikia saa 53,000 za Kiingereza bila maandishi, dakika 10 tu zenye maandishi ziliweza kutoa matokeo ya kushangaza. Wanafunzi huja kwangu na makala hiyo wakiwa na furaha. Huwakumbusha mambo mawili: zile zilikuwa sauti za watu wakisoma vitabu, na saa 53,000 za lugha yao hazipo popote.

Ushauri wangu kwa tasnifu ya uzamili ni huu: saa 10 safi, za wasemaji 50 waliotofautiana umri, jinsia na mahali, ni bora kuliko saa 40 za watangazaji wawili.

7. Kwa nini unukuzi unachukua muda mrefu hivyo?

Kwa sababu mtu hazungumzi kama anavyoandika. Chukua dakika moja ya mazungumzo ya kijiweni: watu wanakatizana, mmoja anacheka, mwingine anasema "yaani... eeh, si unajua, alikuwa, alikuja jana". Je, uandike "alikuwa" ile iliyokatika? "Eeh" iandikwe kwa e mbili au tatu? Aliyesema "nshamwambia" aandikiwe hivyo, au "nimeshamwambia"? Kila mnukuzi akiamua lake, modeli itajifunza vurugu.

Ndiyo maana kabla ya kunukuu hata sentensi moja tunaandika mwongozo, kisha wanukuzi wawili wananukuu kipande kilekile bila kuonana, kisha tunakaa mezani kulinganisha. Mabishano ya meza hiyo ndiyo utafiti wenyewe. Kwetu, saa moja ya mazungumzo ya watu watatu humaliza siku nzima ya mnukuzi, wakati mwingine na asubuhi ya pili. Wanukuzi walipwe kwa heshima na majina yao yatajwe kwenye makala kama wakitaka. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo walilipwa kwa dakika ya sauti, wakawa wanakimbilia vipande vyepesi na kuruka vigumu. Vigumu ndivyo tulivyovihitaji.

8. Simu yangu inatosha kurekodia?

Inatosha. Rekodi kwa hertzi 16,000, chaneli moja, faili la WAV. Saa moja itachukua takriban megabaiti 115, kwa hiyo beba kadi ya akiba. Zima feni, sogea mbali na friji, na usiweke simu juu ya meza ambayo watu wanaigonga.

Usitumie sauti zilizopita WhatsApp kama una njia nyingine, maana zimebanwa na baadhi ya taarifa zimeshapotea. Isipokuwa kama mfumo wako utatumiwa na watu wa WhatsApp. Hapo hizo ndizo sauti zako halali. Simu za kawaida zina shida yao: mfumo wa hertzi 8,000 hukata sauti za juu, na huko juu ndiko s na f hutofautiana. Mashine husikia "fisi" pale uliposema "sisi".

## Kiswahili na jirani zake

9. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Basi si rahisi?

Tahajia yetu ni msaada mkubwa kweli. Mfumo wa Kiingereza lazima ukariri kwamba herufi zilezile husomwa namna nyingi. Sisi hatuna mzigo huo. Lakini ipo mitego.

Kwanza, neno letu hubeba sentensi. "Tutakapowaonyesha" ni neno moja lenye nafsi, njeo, wakati, mtendwa na mzizi. Maneno ya namna hiyo hayaishi, kwa hiyo haiwezekani kuyaorodhesha yote kwenye kamusi ya mfumo. Modeli za kisasa hukwepa hilo kwa kuandika vipande vidogo au herufi mojamoja, ila kosa moja ndani ya neno refu huhesabika kama neno zima limeharibika (swali la 14).

Pili, matamshi hutofautiana kuliko tahajia inavyokiri. Wapo wengi ambao r na l kwao hubadilishana, wengine husema "zambi" kwa "dhambi" na "samani" kwa "thamani". Pwani, paa wa porini hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, lakini maandishi ni yaleyale. Mnukuzi aandike neno sanifu, na modeli ijifunze kwamba matamshi yote hayo ni ya haki. Hatumsahihishi msemaji.

Tatu, ipo herufi h. Nitairudia swali la 14, kwa sababu inaninyima usingizi.

10. Mnatumia Kiswahili kipi?

Swali hili huulizwa sana Mombasa, na kwa sauti kali kidogo. Maandishi tunayoyalenga huwa Kiswahili sanifu, kilichosimikwa juu ya Kiunguja tangu kamati ya lugha ya 1930. Lakini masikio ya mfumo hayapaswi kuwa ya Unguja peke yake. Anayesema "ndia" badala ya "njia" hajakosea, amesema Kimvita. Anayesema "mutoto" na "bitu" huenda anatoka Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mjini na kina Kifaransa ndani yake.

Andika lahaja ya msemaji kwenye taarifa za kila rekodi, kisha toa matokeo kwa kila kundi. Wastani mmoja huficha watu. Marekani, utafiti uliochapishwa 2020 ulipima mifumo mitano ya makampuni makubwa na kukuta wastani wa makosa ya asilimia 35 kwa wasemaji weusi na 19 kwa weupe. Mifumo ilikuwa inauzwa muda wote huo. Sioni sababu ya kuamini kwamba sisi, tukipima Dar es Salaam tu, tutamtendea haki mtu wa Pemba.

11. Na wanaochanganya ndimi?

Ni karibu kila mtu. Sikiliza kijana wa Nairobi akitaja namba ya simu: sentensi ni ya Kiswahili, tarakimu zote ni za Kiingereza. Sikiliza Sheng, ambayo hubadilika kabla hujamaliza kunukuu. Modeli inayoanza kwa kuamua "hii ni lugha gani?" hupotea hapa, kwa sababu swali lenyewe halina jibu moja.

Njia inayofanya kazi ni kuifunza modeli moja kwa sauti zilizochanganywa kiasili. Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilitumia tamthilia za televisheni za Afrika Kusini kwa ajili hiyo. Katika unukuzi tunaandika kila neno kwa tahajia ya lugha yake, isipokuwa limeshavaa viambishi vyetu.

12. Lugha za toni mnazifanyaje?

Kiswahili hakina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Jirani zetu wengi wanazo: Kiganda, Kikikuyu, Kijaluo, Kinyarwanda. Tatizo ni kwamba maandishi ya kila siku hayazionyeshi. Kwa Kinyarwanda "umuryango" ni familia, na ni mlango pia. Sikio hutofautisha, herufi hazitofautishi. Kwa utambuzi hilo ni nafuu, kwa kuwa modeli huandika kitu kilekile. Mzigo huja mtu akitaka kwenda upande wa pili, kutoka maandishi kwenda sauti.

13. Mtu akisema "saa mbili asubuhi", mfumo uandike nini?

Uandike "saa mbili asubuhi". Kugeuza kuwa 2:00 au 8:00 ni hatua nyingine, na msomaji wa maandishi hayo ndiye aamue. Nimeona mifumo iliyotengenezwa mbali ikiandika 2:00 na kumpotosha mgonjwa mwenye miadi ya kliniki.

## Vipimo na mashine

14. Asilimia ya makosa husomwaje?

Kipimo cha kawaida ni kiwango cha makosa ya maneno: jumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha gawa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Kinaweza kuzidi 100 mfumo ukiongeza mengi.

Sasa tazama mifano miwili. Mtu amesema "nimekwenda sokoni kununua vitunguu", mfumo ukaandika "nimeenda sokoni kununua vitunguu". Neno moja kati ya manne: asilimia 25. Hakuna aliyeumia. Muuguzi amesema "mgonjwa hatameza dawa leo", mfumo ukaandika "mgonjwa atameza dawa leo". Asilimia 25 vilevile. Ukipima kwa herufi ndiyo inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu "nimeenda" imepoteza herufi mbili na "atameza" imepoteza moja tu. Kipimo kinasema kosa la kuua ni dogo kuliko kosa lisilo na madhara.

Wasemaji wengi huimeza h hiyo, na mikrofoni ya simu huimeza zaidi. Kwa hiyo katika kila mradi sasa tunahesabu makosa ya ukanushi peke yake, katika safu yake. Wahakiki wa majarida huuliza kwa nini. Tunawaeleza, na safu hatuiondoi.

Wengine huniuliza pia: lazima niwe na kompyuta kubwa? Kujenga modeli ya msingi, ndiyo, na fedha hizo hazipo kwetu. Kuifunza upya iliyopo, hapana: XLS-R ndogo, yenye vigezo (namba za ndani inazojifunza) milioni 300, inaweza kufunzwa kwa kadi moja ya michoro (GPU), au kwa huduma za bure za mtandaoni ukivumilia kukatwa katikati. Hifadhi kazi kila nusu saa. Umeme nao hukatika.

Na wengine: modeli imeandika sentensi ambayo hakuna aliyeisema. Ni kawaida? Hutokea, hasa kwenye ukimya na kelele. Modeli ya Whisper, iliyotolewa 2022 baada ya kufunzwa saa 680,000 za sauti, wakati mwingine huandika sentensi fasaha hata pasipo usemi. Utafiti wa 2024 wa sauti za Kiingereza uliliona hilo katika takriban asilimia 1 ya vipande. Ufasaha ndio hatari yake, kwani msomaji hana cha kushuku. Kata ukimya kabla ya kuipa sauti, na mtu asikilize palipo na shaka.

## Vibali, haki na riziki

15. Nahitaji kibali gani?

Kibali cha utafiti hutolewa na taasisi ya taifa ya sayansi: Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Zanzibar ina utaratibu wake. Juu ya hicho kuna kamati ya maadili ya chuo chako, kisha barua ya mkoa, wilaya, na mwenyekiti wa mtaa. Anza miezi sita kabla. Sauti ni taarifa binafsi, kwa hiyo soma sheria ya nchi yako ya ulinzi wa taarifa: Kenya na Uganda 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022.

16. Sauti zikishakusanywa, ni za nani?

Hapa hatukubaliani sote. Common Voice hutoa sauti karibu bila masharti, na mtu yeyote, tajiri au maskini, huzitumia. Bila hilo nisingekuwa na kazi. Upande wa pili, Te Hiku Media, chombo cha utangazaji cha Wamaori wa New Zealand, iliyokusanya zaidi ya saa 300 za Kimaori kwa siku 10 mwaka 2018, ilikataa kuziachia hivyo, ikaandika leseni inayozifanya amana ya jamii.

Mimi nimeegemea hapa: sauti za kusoma sentensi ziwe wazi, mazungumzo ya watu, hadithi za bibi, nyimbo za jando na unyago, zibaki chini ya masharti ya waliotoa. Ridhaa isomwe kwa sauti, kwa lugha ya msemaji, na isemwe wazi kwamba kampuni inaweza kunufaika.

17. Nitachapisha wapi, na kuna ajira?

Mikutano mikubwa ni Interspeech na ICASSP. Kwa Afrika kuna warsha ya AfricaNLP tangu 2020, Deep Learning Indaba tangu 2017, na jumuiya ya Masakhane inayompokea mwanafunzi asiye na jina. Chapisha pia kwa Kiswahili. Majarida ya TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), *Kiswahili* na *Mulika*, yapo, na mwanafunzi wa kesho atahitaji istilahi zako. Nafasi za kudumu vyuoni ni chache. Wengi huishi kwa mikataba ya miradi ya miaka miwili mitatu, na wengine huenda makampuni au Ulaya. Siwalaumu.

## Mambo ya pembeni

18. Lugha yangu haina maandishi yaliyokubalika. Nifanye nini?

Usibuni tahajia peke yako ofisini. Kaa na wazee, walimu na watu wa makanisa au misikiti ambao huenda wana namna yao ya kuandika tangu zamani. Ikishindikana, rekodi hadithi na uombe msemaji azieleze kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Sauti ya lugha moja na maandishi ya nyingine ni data halali kwa modeli za tafsiri ya usemi.

19. Msemaji amebadili mawazo baada ya modeli kufunzwa. Je?

Futa rekodi na unukuzi wake, toa toleo jipya la hazina ya sauti, na wajulishe waliopakua. Modeli iliyokwisha kufunzwa haiwezi kusahaulishwa kirahisi, na hilo alipaswa kuambiwa siku ya ridhaa (swali la 16). Modeli inayofuata ifunzwe bila yeye.

20. Msemaji amefariki. Familia inataka kusikia sauti yake.

Imetutokea mara mbili. Sasa fomu yetu ina mstari unaouliza: ukitangulia, tumpe nani nakala? Wengi hutaja mjukuu. Tunaiweka kwenye kadi ndogo, sauti kamili isiyokatwakatwa, pamoja na vikohozi na kuku waliopita, na tunaipeleka kwa mkono.